Kodi ya Waridi Moja

Mama alimtaja muuaji wa riwaya niliyokuwa namsimulia, tena jioni ya pili tu. Mimi niliyekisoma kitabu kizima, mara ya kwanza nilifika kurasa za mwisho bado ninamshuku mtu asiye na kosa lolote. Mama alikuwa anabangua korosho zake, hata uso hakuinua. Akauliza swali moja, ambalo silirudii hapa kwa sababu litawaharibia utamu, kisha akataja jina. Nikamwambia asubiri, hadithi bado mbichi. Akasema, "Endelea tu mwanangu, mimi nasubiri wenyewe wamjue."

Ilikuwa likizo ya Desemba, nyumbani, upande wa Masasi. Umeme ulikuwa unakatika kila saa moja jioni kama ulioajiriwa kwa kazi hiyo, na korosho za kula nyumbani zilikuwa zimeshakaangwa, zinangoja mikono. Kazi ya kubangua inachosha bila hadithi. Sikuwa na hadithi ya kijijini ambayo Mama haijui, basi nikaanza kumsimulia riwaya niliyokuwa nayo mkobani, ya mjane wa Kiingereza wa mwaka 1142.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Rose Rent, yaani kodi ya waridi. Kilitoka mwaka 1986 na ni cha 13 katika mfululizo wa riwaya 20 za Ndugu Cadfael, mtawa wa Kibenediktini katika mji wa Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mwandishi wake ni Edith Pargeter, aliyetumia jina la Ellis Peters kwa vitabu hivi. Cha kwanza kilitoka mwaka 1977 na cha mwisho mwaka 1994, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mimi nilianzia hapo katikati, kwenye cha 13, kwa sababu ndicho kilichokuwepo siku hiyo kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, Dar es Salaam, kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na mwongozo wa kufuga kuku wa mayai. Jalada lilikuwa na ua. Nikasema bora ua kuliko kuku.

Wengi huvihesabu vitabu hivi kuwa vya upelelezi, na kweli kila kimoja kina maiti. Mimi nasema ni riwaya za mapenzi zilizovaa kanzu ya utawa. Karibu kila kitabu kina wawili wanaotafutana, na Cadfael, mzee wa miaka 60 hivi anayetunza bustani ya mitishamba, ndiye anayewapitishia njia. Anaijua njia hiyo. Kabla ya kuvaa kanzu alipigana Vita vya Msalaba, akawa baharia, na akapenda zaidi ya mara moja: kuna binti aliyemwacha nyumbani akiwa kijana na kuna mjane wa Antiokia. Huyo mjane ana mambo yake katika kitabu cha sita. Msiulize zaidi, ukiyajua mapema umejinyima.

Kisa cha waridi ni hiki. Judith Perle ni mjane wa miaka 25. Mumewe alikufa kwa homa, na ndani ya siku chache za msiba huohuo mimba yake ikatoka. Alikuwa na nyumba mbili. Ile waliyoishi yeye na mumewe, nje ya lango la mji karibu na abasia, yaani monasteri ya kina Cadfael, hakuweza tena kulala ndani yake. Akaipa abasia ili mapato yake yatunze altare ya Bikira Maria. Lakini hakuitoa bure kabisa. Aliandikiana nao mkataba wenye sharti moja: kila mwaka, tarehe 22 Juni, sikukuu ya kuhamishwa kwa masalia, yaani mifupa, ya Mtakatifu Winifred, aletewe waridi moja jeupe kutoka mti ulioota kwenye bustani ya nyumba hiyo. Aletewe mkononi mwake. Siku ikipita bila waridi, mkataba umevunjika na nyumba ni yake tena.

Mama alicheka. "Kodi ya ua?" Kisha akanyamaza, akachukua korosho nyingine. "Alitaka kitu kimoja cha kule kimfikie kila mwaka. Nimemwelewa."

Kodi za namna hii zilikuwepo kweli. Wenye ardhi wa Uingereza wa zamani waliweza kumwachia mtu shamba au nyumba kwa punje moja ya pilipili manga au ua moja kwa mwaka, ili pasiwe na ubishi kwamba mwenye mali bado anatambulika. London ipo moja inayolipwa mpaka leo. Mwaka 1381 mke wa Sir Robert Knollys alijenga kidaraja cha kuvukia barabara bila kibali, na adhabu ikawa waridi moja jekundu kila mwezi Juni kwa meya wa jiji. Desturi hiyo ilikuja kufufuliwa karne ya 20. Daraja lenyewe halipo tena.

Sasa, wiki chache kabla ya siku ya kodi, mtawa kijana anayepeleka waridi hilo anamwendea abati, mkuu wa abasia, na kuomba kuvuliwa kazi hiyo. Aliletwa monasterini angali mtoto mdogo, hajawahi kujua nyumba nyingine, na kuushika mkono wa yule mjane mara moja kwa mwaka kumemtia homa ya aina nyingine. Abati anamwelewa, anamwondolea mzigo, na kuamua kwamba mpangaji mwenyewe wa nyumba ndiye atakayepeleka ua. Muda si mrefu yule kijana anakutwa amekufa chini ya mti wa waridi, na mti wenyewe umekatwakatwa. Halafu Judith anatoweka. Hapo ndipo nilipoachia jioni ya kwanza, nikatukanwa kidogo.

Nilichokipenda zaidi hakiko kwenye maiti. Kiko kwa wachumba. Judith ni mrithi wa ukoo wa watengeneza nguo za sufu, na biashara hiyo ilikwenda kwa hatua: sufu inanyolewa na kuchanwa, inasokotwa nyuzi, inafumwa, kisha nguo inakandwa majini pamoja na udongo maalumu mpaka nyuzi zishikane, inatiwa rangi, inatandazwa kwenye viunzi vyenye kulabu ikauke bila kurudi. Tazama basi wanaomtaka. Mmoja ni mtoto wa mwenye kondoo. Mwingine ni mfumaji katika karakana ya Judith mwenyewe. Wa tatu ni bwana mwenye kiwanda cha kukandia na kutia rangi. Yaani mnyororo mzima wa sufu umevaa nguo safi na kuja kuposa! Kila pete ya mnyororo inataka kuungana na ile inayofuata. Mapenzi wanayataja, tena kwa maneno mazuri, lakini ukisikiliza kwa makini unasikia hesabu ya robota.

Aliyebaki nje ya mnyororo ni mmoja tu, yule mpangaji. Anaitwa Niall, fundi shaba, mjane naye, ana binti mdogo anayelelewa na dada yake kwenye kitongoji cha nje. Judith anamwendea kwa shughuli ndogo kabisa, bizimu ya mshipi. Niall hana cha kumuuzia wala cha kuunganisha naye. Anatengeneza bizimu, anautunza ule mti wa waridi bila kuambiwa, na ananyamaza. Pargeter anaweza kuandika kurasa nzima za mwanamume anayenyamaza, nawe ukageuza kurasa kama unafukuzwa.

"Fundi," Mama alisema. Hilo tu. Kwa Mama, neno fundi likisemwa kwa sauti ile ni sifa kubwa kuliko shahada.

Lazima nieleze kwa nini Mama alikuwa hakimu mgumu wa kisa hiki. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano. Siku ya kuanua matanga wapwa zake marehemu walikuja na karatasi. Kwetu kusini mali ya mwanamume ilizoea kuelekea kwa watoto wa dada yake, na wao waliona wanafuata mila tu. Walikuwa wamehesabu mikorosho mmoja mmoja, hata ule uliopigwa na radi. Mama aliwaandalia chai. Kesi ilikwenda baraza hili na lile kwa karibu miaka miwili, na mwisho alibaki na nyumba na mikorosho kumi na mmoja. Hiyo ndiyo tunayobangua mpaka leo.

Baada ya hapo walikuja wachumba. Nilikuwa mdogo lakini si mjinga. Alikuja mnunuzi wa korosho mwenye pikipiki. Alikuja bwana mmoja aliyepakana nasi shamba, akazungumza jioni nzima juu ya mpaka. Mama aliwapa wote chai, maana hiyo ndiyo silaha yake. Nilipomwelezea wale watatu wa Shrewsbury, hakuhitaji maelezo ya mfumo wa uchumi wa Uingereza ya karne ya 12. Alisema, "Wa pikipiki, huyo wa rangi. Wa mpaka, huyo wa kondoo."

Na huko Uingereza nako mjane alikuwa kitu cha kupiganiwa. Wajane wa mabwana wakubwa waliokuwa na ardhi kutoka kwa mfalme waliweza kuozwa kwa amri yake, na baadhi yao walimlipa fedha ili awaache wakae bila mume. Walilipa ili wasiolewe, soma tena. Ilibidi ije Magna Carta, hati kuu ya haki ya mwaka 1215, miaka 73 baada ya kisa chetu, kuandika kwamba mjane asilazimishwe kuolewa akiwa anapenda kuishi bila mume. Judith ni mwanamke wa mjini, mwenye karakana yake na fedha zake, kwa hiyo mfalme hamgusi. Anaguswa na majirani, binamu, shangazi na ushauri wao mwema. Kila mtu ana maoni kuhusu kitanda chake. Ndiyo maana wazo la kuingia utawani linamvutia mwanzoni, na Cadfael ana busara ya kumpeleka akazungumze na mtawa mmoja wa kike aliyewahi kuishi dunia pana, badala ya kumsukumia ndani kwa furaha ya kupata mtaji mpya.

Hapo nyuma ya kisa kuna vita. Mfalme Henry wa Kwanza alifariki mwaka 1135. Mwanawe wa kiume wa ndoa alikuwa ameshazama na merikebu mwaka 1120, na mabwana waliapa kumtambua bintiye, Maud, mjane wa Kaisari wa Ujerumani. Alipokufa baba, binamu yake Stephen akawahi taji. Watu wakachinjana karibu miaka 20. Mwanamke kunyang'anywa urithi na binamu: ndiyo habari kuu ya nchi nzima wakati Judith anagombaniwa nyumba na ua lake. Pargeter hakunyooshei kidole uone. Anaacha habari za kaskazini na kusini zifike sokoni kwa midomo ya wachuuzi, kama zinavyofika.

Uzuri wa kusoma kitabu kilichomo ndani ya mfululizo mrefu nimeuelewa baadaye, niliporudi kuanzia cha kwanza. Riwaya ya mapenzi inayosimama peke yake huishia kwenye harusi, au penye mlango wa harusi. Hujui kama yule bwana ataendelea kusikiliza akiongewa. Katika mfululizo, mapenzi yana kesho yake. Kitabu cha pili kinatokea mwaka 1138, Stephen ameiteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga watetezi wake 94, na Cadfael anayetumwa kuwazika anahesabu maiti 95. Katika uchafu huo wote, kijana mmoja mwerevu na mwenye dharau, Hugh Beringar, anampenda Aline, binti aliyefiwa. Unawaacha hapo wameshikana mikono. Lakini vitabu vinaendelea, na kila ukirudi unawakuta. Aline amejifungua. Mtoto anatembea. Hugh amekuwa sherifu, mwakilishi wa mfalme mkoani, amechoka, anakuja kibandani kwa Cadfael kunywa divai na kulalamika, kisha anawahi nyumbani. Anawahi nyumbani kitabu baada ya kitabu! Hakuna tukio la mapenzi lililonigusa kuliko hilo la mwanamume kutazama jua na kusema Aline ananisubiri.

Na visa vyote vile 20 vinatokea ndani ya miaka minane tu, kuanzia 1137 hadi 1145, kwa hiyo saa ya mfululizo inakwenda polepole mno. Inakwenda kwa mimea na sikukuu. Unajua ni mwezi gani kwa kuangalia Cadfael anapanda nini, anavuna nini, anakausha nini. Mimi nafanya kazi duka la dawa, na nakiri kwamba kibanda chake kilininasa mapema kuliko wapenzi wowote: sharubati ya afyuni kwa wasiolala, marhamu ya viungo iliyotokana na mmea wenye sumu, ambayo mtu akiinywa badala ya kujipaka anazikwa. Nilipokuja kusoma kwamba Pargeter mwenyewe, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi kama msaidizi katika duka la dawa huko Dawley, na kwamba hakuwahi kwenda chuo kikuu, nilifunga kitabu nikaliangalia rafu langu la chupa kwa heshima mpya. Kisha mteja akaomba dawa ya kikohozi.

Kwa mtu wa kwetu utawa huu si jambo la mbali. Nimekua nikisikia kengele ya Ndanda. Wabenediktini waliofika huko mwaka 1906 kutoka Ujerumani wanafuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto anayoifuata Cadfael, yenye masifu ya asubuhi na ya jioni, sala na kazi, karakana, bustani na hospitali. Mama yuko WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na ndiye anayepanga maua ya altare ya Bikira Maria pale kigangoni. Nilipofika kwenye altare ya Shrewsbury aliniuliza inapangwa maua gani mwezi wa Juni, na kama wale watawa wanaume wanajua kuyabadilishia maji. Sikuwa na jibu. Katika vitabu 20 hakuna mahali nilipoona mtu anabadilisha maji.

Kasoro zipo, nisije nikaonekana nimelipwa. Ukisoma vitabu vitatu mfululizo unaanza kuona mshono. Vijana wanaopendana ni wazuri wa sura na wakweli wa moyo mno, hata kama wamelala porini siku nne. Cadfael anaachia wakosaji waende zao mara nyingi kuliko ninavyoona sawa, akiamini kwamba dhamiri itawafunga. Na Kiingereza chake kina sentensi zinazozunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Wiki ya kwanza nilikuwa nasoma kurasa nane kwa siku. Lakini nilipoanza kumsimulia Mama kwa Kiswahili, sentensi zile zikalegea. "Akasema." "Akaenda." "Kumbe." Neno kumbe peke yake lilinifanyia kazi ya aya nzima.

Jioni ya nne nikafika mwisho. Sitausema. Nitasema tu kwamba tarehe 22 Juni inafika, ule mti umeshafikwa na makubwa kuliko kukatwakatwa, na kuna swali moja lililobaki, kama kodi italipwa na mkononi mwa nani. Nilisimulia polepole kwa makusudi. Umeme ulirudi katikati na Mama akaniambia nizime taa, wadudu.

Alipojua yote alikaa kimya, mikono imesimama. Nilidhani atasema kuhusu muuaji, kwamba si nilikwambia. Hakusema. Aliuliza, "Na yule mtoto wa fundi, aliishia kulelewa na nani?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akapuliza maganda kwenye mapaja yake.

"Umesema hicho ni cha ngapi?"

"Cha kumi na tatu, Mama."

"Na mwanzo wake unao?"

Ninao, nikamwambia, ni kisa cha watawa wanaokwenda Wales kuchukua mifupa ya mtakatifu ambayo wenyewe hawataki kuitoa.

"Hawataki kuitoa!" Akasogeza ungo katikati yetu. "Haya, anza. Debe lenyewe bado halijafika nusu."